Kiti cha Dereva

Jumamosi ile niliondoka kibandani kwangu saa kumi na moja jioni, nimekumbatia viatu vya Mama Tiedemann. Nilikuwa nimevitia soli mpya. Alivihitaji kwa ajili ya kesho yake, Jumapili ya Wafu, siku ambayo mchungaji husoma majina ya vijana wa mji wetu waliokufa vitani, na wazazi husimama na mashada mbele ya jiwe la kumbukumbu la kanisani. Kila mwaka tangu vita viishe, Mama Tiedemann alikwenda na shada lake, akasimama na wenzake, akasikiliza majina hamsini na moja, kisha akarudi nalo nyumbani. Jina la mwanawe halikuwamo.

Ningeweza kuvipeleka viatu mapema. Nilichelewa makusudi, ili nipate kisingizio cha kutoketi. Mwanawe Arend alikuwa dereva wa kifaru, na mimi nilikaa upande wake wa kulia nikishughulikia redio, miaka miwili, bega kwa bega. Mtu mwenye haya angepita kwa mama yake kila wiki. Mimi nilipita viatu vilipochanika.

Alifungua kabla sijabisha.

"Ingia, Ewald. Usinisimamie mlangoni kama mtoza kodi."

"Nina haraka, mama. Wananisubiri."

"Akina Stecher?"

"Ndiyo."

Alivigeuza viatu, akabonyeza soli kwa kidole gumba. "Umevitengeneza vizuri. Basi leo ndiyo mnamaliza hicho kitabu chenu."

Kitabu chetu. Chama cha wapiganaji wa zamani wa divisheni yetu ya vifaru kilikuwa kinaandika historia yake ya vita, kurasa mia sita, pamoja na picha na ramani. Sura ya kikosi chetu iliandikwa na Matthes, aliyekuwa mpiga mzinga wa kifaru chetu na siku hizi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kanuni ya chama ilikuwa kwamba habari za kila mtu zithibitishwe kwa sahihi za wenzake wa kifaru kimoja waliobaki hai. Sisi tulibaki watatu. Jumatatu karatasi zingekwenda kuchapwa.

"Sikuombi umsifie," alisema Mama Tiedemann. "Naomba waandike amekufa. Basi. Mchungaji kaniambia, kitabu kikisema amekufa, na yeye atamsoma. Kikisema katoroka, ndiyo imetoka hiyo."

Nilitazama viatu mikononi mwake.

"Wewe ulikuwa naye, Ewald. Alitoroka?"

"Ilikuwa vita, mama. Moshi ulikuwa mwingi."

"Sikukuuliza habari za moshi."

Nikamwambia nitajitahidi. Hilo ndilo neno nililomwachia, nikaondoka.

Giza lilikuwa linaingia. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka mtoni, na taa za barabara zilikuwa bado hazijawashwa. Nilipofika kwenye ukuta wa kiwanda cha ngozi nikasikia mtu anatembea nyuma yangu.

Sikugeuka. Mji mdogo huu, watu wanapita.

Lakini mimi ni fundi viatu. Mtu akipita nje ya kibanda changu naweza kukwambia kisigino kipi kimelika bila kuinua kichwa. Huyu alikuwa anaburuta mguu wa kushoto. Hatua... kisha mburuto. Hatua... kisha mburuto. Ni mguu wa klachi. Madereva wetu wote walitoka na goti bovu la kushoto, kwa sababu ya ile klachi nzito ya kifaru, na Arend aliharibikiwa kuliko wote.

Nikaongeza mwendo. Naye akaongeza.

Kisha harufu ikanifikia. Petroli, grisi... na damu.

Alikuwa ameshanifikia. Sikumwona, maana sikuthubutu kutazama kushoto, lakini koti la mtu lilinigusa mkono, koti lililolowa maji.

"Utawaambia?"

Alinong'ona karibu kabisa na sikio langu. Ilikuwa sauti ya kijana. Mimi nimeota mvi, nina tumbo, nina meno matatu ya bandia, na sauti ile ilikuwa bado na miaka ishirini na mmoja.

Nikakimbia. Nilikimbia hadi baa ya pale sokoni, nikapita ukumbini bila salamu na kuingia chumba cha nyuma.

Stecher alikuwa ameketi kichwani pa meza, amenenepa, mikono juu ya kitambi. Vitani alikuwa luteni, kamanda wa kifaru chetu. Sasa ni mfanyabiashara wa mbao na mzee wa baraza la kanisa. Matthes alikaa pembeni yake na karatasi zake zilizopangwa vizuri.

"Redio imefika," alisema Stecher. "Imechelewa na inakoroma, kama zamani. Kaa, Ewald. Nani anakukimbiza, mkeo?"

"Ukungu tu."

"Fundi viatu anaogopa ukungu. Matthes, mwandikie hilo kwenye historia."

Wakacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, nikanywa bilauri ya pombe kali kwa mkupuo mmoja. Matthes akasafisha koo, akaanza kusoma kwa ile sauti yake ya darasani. Alisoma mito tuliyovuka na baridi tuliyoivumilia. Ukimsikiliza ungedhani tulikwenda kule kwa matembezi, tukaonewa na hali ya hewa. Akafika Februari ya mwaka arobaini na tatu.

"Tarehe kumi na nne. Kikosi kilipumzika na kurekebisha mitambo. Dereva Arend Tiedemann aliacha kifaru bila ruhusa, akatorokea kwa adui."

Akaweka karatasi mezani na kalamu juu yake. Sahihi yake na ya Stecher zilikuwapo tayari.

"Mama yake anaomba tuandike amekufa," nilisema.

"Wote wanaomba kitu," alisema Stecher. "Tunywe kwanza. Tufanye ukaguzi, kwa heshima ya kifaru chetu."

Huo ulikuwa mchezo wetu wa kila mwaka. Vitani, kabla ya kuondoka, kamanda huwaita watu wake mmoja mmoja kupitia vipokea sauti, na kila mmoja hujibu tayari. Kwenye mikutano yetu Stecher aliita mpiga mzinga, akaita redio, kisha akamwita Pohl, mpakia risasi wetu aliyekufa mwaka wa mwisho wa vita, nasi tulinyamaza na kuinua bilauri. Nafasi ya dereva aliiruka. Miaka yote hiyo hakukosea hata mara moja.

"Mpiga mzinga?"

"Tayari," alisema Matthes.

"Redio?"

"Tayari."

"Mpakia risasi?"

Tukainua bilauri. Stecher alikuwa amelewa kidogo, macho ameyafumba, na mazoea ya zamani yakamponyoka mdomoni.

"Dereva?"

Akafumbua macho. Alijua alichofanya.

Jiko la makaa lilirusha cheche... kisha likatulia.

"Dereva tayari, Luteni."

Ilikuwa sauti kavu, yenye mkwaruzo, kama zilivyosikika sauti zetu zote kwenye vipokea sauti vile. Ilitoka kwenye kiti kitupu kilichokuwa kushoto kwangu.

Matthes alikuwa ameikumbatia bilauri yake kwa mikono miwili. Ile harufu ikajaa chumba chote, nami nikaona pua ya Stecher inatanuka. Aliisikia. Wote waliisikia.

"Upepo wa dohani," alinong'ona Stecher.

Sasa niseme nililopaswa kulisema miaka kumi na mbili kabla. Tarehe kumi na nne hatukupumzika. Tulikuwa kwenye kijiji ambacho jina lake sikulijua wakati ule, na sijalitafuta mpaka leo. Amri ilisema wanakijiji wanawalisha waasi. Wanawake, wazee na watoto walikuwa wameshafungiwa kwenye banda la ng'ombe, na sisi tulitakiwa kulisukuma kwa kifaru mpaka paa liwaangukie. Arend alilisogelea banda, zikabaki mita ishirini, akazima injini.

"Dereva, twende," aliagiza Stecher.

"Injini imekufa, Luteni."

Kisha akavua vipokea sauti, akanitazama, akafungua kifuniko na kutoka. Alitembea kuelekea mlango wa banda akiburuta mguu. Nadhani alitaka kuufungua. Stecher alimpiga risasi mbili za mgongo, halafu akasema kwa sauti yake ya siku zote, "Redio, hamia kiti cha dereva."

Nilihamia. Kiti kilikuwa bado na joto lake. Injini iliwaka mara moja.

Arend alikuwa amelala kati ya kifaru na banda, na alikuwa bado anajisogeza. Nimejiambia miaka yote kwamba hapakuwa na nafasi ya kumkwepa. Nafasi ilikuwapo.

Ndivyo alivyotoroka.

"Tia sahihi twende nyumbani," alisema Matthes, na meno yalikuwa yanagongana.

Hapo ndipo bilauri zilipoanza kutetemeka.

Kwanza zilitetemeka kidogo tu, zikigusanagusana juu ya meza. Kisha nikaisikia injini. Ukikaa mbele ya injini ile miaka miwili hutaisahau. Ilikuwa inapanda barabara ya sokoni polepole, pamoja na mlio wa minyororo ya kifaru juu ya mawe. Ikakaribia. Vioo vya dirisha vikalia. Ikafika nje ya ukuta wetu... ikasimama hapo inaunguruma, kama inayosubiri amri.

Matthes aliziba masikio.

Stecher aliinama kwangu. Jasho lilikuwa linamtiririka, lakini macho yake yalikuwa yale yale. "Nisikilize, fundi. Tukimwandika amekufa, watauliza amekufaje. Nami nitawaambia. Nitasema nilimpiga risasi. Halafu nitasema alikuwa bado hai, na nani alikuwa anaendesha. Unataka mama yake alisome hilo?"

Nje injini iliunguruma zaidi, kisha ikashuka. Alikuwa ananisubiri mimi. Kwenye kile kiti cha kushoto mtu alivuta pumzi taratibu, kama anayetaka kusikia vizuri.

Nilikuwa na mdomo. Ningefungua na kusema sentensi moja.

Nilichukua kalamu, nikatia sahihi.

Injini ikazimika.

Harufu ikaondoka, na chumba kikarudi kuwa chumba cha baa. Ukumbini watu walikuwa wanacheza karata. Muda wote walikuwa wanacheza karata.

"Lori la bia," alisema Matthes, akikunja karatasi. "Huwa linakuja Jumamosi."

Labda. Nilipotoka barabara ilikuwa tupu na mawe hayakuwa na alama. Sikuona lori.

Nilijichukia njia nzima. Karibu na kiwanda cha ngozi nilipunguza mwendo, na mara hii nilitazama kushoto, kulia na nyuma. Nilimwita kwa jina lake. Hakuna aliyenifuata, na hilo liliniumiza kuliko lile la kwanza. Nikaamua nitamwambia mama yake kila kitu, usiku ule ule, ana kwa ana, halafu anilaani apendavyo.

Taa ilikuwa inawaka kwake. Nilibisha. Alikawia kufungua, na alipofungua aliuachia mlango nafasi ndogo tu, akasimama katikati yake.

"Mama, nimekuja kukwambia habari za Arend."

"Najua."

"Hujui. Mimi ndiye niliye—"

"Ulikaa kwenye kiti chake," alisema polepole, bila kupandisha sauti. "Najua toka mwaka ule ule. Huja kila Februari, hunieleza, huondoka. Mwaka huu amekuja mapema, akaniambia leo atakusindikiza. Alisema Ewald si mtu mbaya. Alisema ukimsikia tu, utasema."

Nilishindwa kumtazama usoni. Kwa nyuma yake petroli ilinuka, na kitu kizito kiliburutwa kidogo juu ya sakafu, mara moja, kikatulia.

"Umetia sahihi?"

"Nimetia."

"Kabla ya kumsikia, au baada?"

Ningeweza kusema uongo. Nilikuwa nimeuzoea.

"Baada, mama."

Nilipoinua macho alikuwa ananitazama. Sikuona hasira. Niliona uchovu wa mwanamke aliyekwishajibiwa, na ningefurahi angenipiga. Kisha akafunga mlango, akageuza ufunguo.

Nilibaki pale kibarazani, paji la uso limegusa mbao. Ndani mwanamume aliuliza kitu kwa sauti ya chini, sauti kavu yenye mkwaruzo. Hakujibiwa upesi.

"Hakuna mtu, mwanangu," alisema Mama Tiedemann. "Amekosea nyumba."