Midomo ya Wafumaji

Jumamosi ile soko la Blackburn, mji wa viwanda vya nguo huko Uingereza, lilifurika, na Kezia Ormerod alikuwa akigombania viazi pale kijana mmoja wa koti la kijivu na glavu za ngozi alipomgonga mguu. Kezia alivaa viatu vya mbao, hakusikia kitu. Kijana aliomba radhi mno mpaka Kezia akamcheka.

"Tulia, bwana mdogo. Umeumia wewe, si mimi."

Alimjua. Alikuwa Lawrence, mtoto wa mzee Ollershaw, mwenye kiwanda alichofumia Kezia. Angejiondokea zake, lakini moyo haukutaka. Wakawa wanakutana Jumapili kando ya mfereji, Kezia na shali yake ya kahawia, Lawrence na likofia lake refu la kuchekesha. Kezia akamfundisha kusema bila sauti, kwa midomo tu, kama wafumaji wasemavyo mashine zinapounguruma. Lawrence alikuwa mwanafunzi mzito, ila alipoweza kusema "mpenzi" hakukoma tena.

Kisha mzee akapunguza mishahara, wafumaji wakagoma. Kezia alimtaka Lawrence aseme wazi yuko upande gani. Lawrence akaomba muda, eti baba anaumwa moyo. Kezia akamwambia kwao hata makaa ya kupikia hakuna, asimfuate tena. Alilia njia nzima, kwa hasira na kwa kumpenda.

Wiki zikapita. Asubuhi moja wagomaji walijaa uani mwa kiwanda wakipiga kelele. Mzee Ollershaw akatokeza juu ya ngazi, amemshika mwanawe mkono. Lawrence alikuwa amekonda, tai imekaa upande. Mzee alijaribu kuhutubia, hakuna aliyemsikia. Lawrence alitafuta uso mmoja tu, na alipouona akachezesha midomo polepole:

"Kezia, nimeshindwa bila wewe. Utakubali nikuoe?"

Maskini, alidhani ni siri yao wawili, na ua mzima ulikuwa wa wafumaji watupu. Kelele zikakatika. Vichwa vyote vikamgeukia Kezia.

"Mjibu basi, mwanangu," akasema mama mmoja.

Mzee alimkazia mwanawe macho. "Umewaambia nini hawa?"

Kezia aliogopa asije akasema ndiyo upesi mno. Akajibu kwa midomo, wakamwelewa wote isipokuwa mzee:

"Shuka huko kwanza."

Lawrence aliutoa mkono wake taratibu katika mkono wa baba yake, akaanza kushuka ngazi.