Noti Nyeupe za Maziko ya Hilda

Pasi ilikuwa ya moto, na hakuna aliyeiwasha. Janine aliigusa kwa bahati mbaya akienda kutengeneza chai, akaruka. Waya wake ulikuwa umezungushwa vizuri kando. Juu ya meza ya kupigia pasi palikuwa na noti nyeupe ya pauni tano, ya zamani, kubwa kama leso, imenyooka, inafuka mvuke. Jiko lilinuka karatasi ya moto na poda ya lavenda, ile ile aliyokuwa akijipaka mama yake, Hilda, aliyekufa wiki tatu zilizopita.

Ilikuwa moja ya noti za maziko. Pale Burnley, kaskazini mwa Uingereza, wazee wa umri wa Hilda hawaogopi kufa. Wanaogopa kuzikwa na halmashauri kama watu wasio na kwao. Kwa hiyo Hilda alizitunza kwenye bahasha noti alizorithi kwa mama yake, akazinyoosha kwa pasi kila Krismasi, na siku ya mwisho akamshika Janine mkono.

"Unizike na paja la nguruwe," alisema. "Nyama ya baridi, mikate, chai, watu waje wale. Usinitupe kama takataka. Apa."

Janine aliapa. Kisha akapigia simu kampuni ya bei rahisi. Gari likaja, mama akachomwa mbali bila mtu wala wimbo, na majivu yakaletwa na mleta vifurushi, aliyeyaacha mlangoni kwa sababu Janine alikuwa saluni.

"Na ile bahasha?" dada yake mkubwa, Andrea, aliuliza kwenye simu.

"Noti zimeshaondolewa, dada. Zilifutwa hata hatujazaliwa. Hazipokelewi popote. Makaratasi tu."

"Paka wa jirani yangu alizikwa vizuri kuliko mama."

Janine alijua anadanganya. Benki Kuu kule London hupokea noti zake ziwe kuukuu namna gani. Tena Bwana Tattersall, mnunuzi wa noti na sarafu sokoni, alimwambia wapo wanaozilipia mara nyingi ya thamani yake. Janine alikuwa ameshachagua hoteli ya likizo Hispania, kwa ajili yake na binti yake Keeley, wa miaka tisa.

Pale sokoni Tattersall aliinua noti ya kwanza kwenye taa, akakunja uso.

"Mama wee, nani kazipiga pasi hizi?"

"Marehemu mama yangu. Zamani."

"Zamani wapi? Hii bado ina joto! Noti iliyopigwa pasi ni maiti aliyepakwa poda. Nakupa nusu, usinune."

Aliweka pesa mezani, akainua macho, akaanza kutazama huku na huku. "Mama? Kaenda wapi huyu?"

Janine alikuwa amesimama mbele yake.

Alizichukua pesa mwenyewe. Dereva wa basi akamfungia mlango usoni. Kwenye duka la mikate, binti wa kaunta akamhudumia aliyekuwa nyuma yake. Alipofika nyumbani alisikia mtu analamba kidole gumba na kufunua noti, analamba, anafunua, juu kwenye chumba cha mama, mchana kweupe, na sauti kavu ikashuka ngazini ikimwambia, "Umeondolewa, mwanangu. Hupokelewi popote."

"Keeley!" aliita kwa hofu.

Mtoto aligeuka, lakini alichelewa kidogo, kama anayemtafuta mtu kwenye ukungu. "Mama? Mbona nakuona vibaya?"

Hapo Janine akaelewa kwamba amebakiwa na huyo mmoja tu anayemwona.

"Nitakuzika, mama," alinong'ona, akipiga magoti kwenye zulia. "Na nyama. Na watu. Niachie Keeley tu."



Alitumia pesa zote za Tattersall. Alichukua paja la nguruwe buchani akaacha pesa, kwa maana hakuna aliyemwuliza shida yake, akaandika kadi za mwaliko wa maziko ya mama akazipenyeza kwenye milango ya mtaa mzima, akakata mikate usiku na mchana, na kila alipomwita Keeley mtoto alichelewa zaidi kugeuka, mpaka asubuhi ya Jumamosi hakugeuka kabisa.

Saa sita wageni walijaa sebuleni, wamevaa nyeusi. Andrea alimkumbatia Keeley akilia.

"Pole, mwanangu. Mama yako alikuwa na mambo yake, lakini tulimpenda."

"Mama yupi?" Janine alipiga kelele. "Mimi nipo hapa! Aliyekufa ni mama!"

"Angalau Janine kazikwa na nyama," jirani alimnong'oneza mwenzake, akimeza.

Janine aliwashika mikono, akawavuta nguo, akapiga meza hadi mikono ikamuuma bila hata kikombe kimoja kutikisika, akapenya katikati yao akamfikia binti yake, akamshika mabega kwa nguvu zake zote akimwita kwa jina, na Keeley akatetemeka tu, akasema, "Mama mkubwa, funga dirisha, nasikia baridi."

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Hilda akatoka na birika la chai, mashavu mekundu, aproni safi, na hakuna mgeni aliyeshtuka.

"Kuleni, kuleni," alisema. "Binti yangu alipenda watu wale washibe."

"Pole sana, Bibi Hilda," wakamwitikia. "Kumzika mtoto si jambo dogo."

Hilda alikaa, akampakata Keeley, akamkatia kipande cha nyama. Keeley akafungua mdomo, akalishwa kwa mkono wa bibi yake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.