Lori Tupu la Kwihara

Haya yalimpata rafiki yangu Hilari, zama za Mwingereza, kampuni moja ilipokuwa ikiwafundisha vijana wa Tabora kuendesha malori. Ilikuwa imebaki siku moja tu apewe leseni.

Jioni hiyo mwalimu wake, Mzee Yahaya, alimwachia usukani warudishe lori tupu kutoka Kwihara. Kwenye njia ya zamani ya wapagazi, wale wabeba mizigo wa misafara, injini ilichemka, Hilari akashuka kutia maji. Giza lilikuwa limeshaingia. Nyuma yake akasikia miguu mitupu, mingi, ikiburuta vumbini, na watu wakihema kama waliobeba mizigo. Hakuona mtu. Lakini kwao Hilari mwenye mzigo hapitwi bila kupewa pole.

“Poleni na safari, jamani. Pandeni.”

“Unamwambia nani, mwanangu?” aliuliza Mzee Yahaya.

Mara bodi ya lori ikalia, springi zikadidimia. Walikwenda kwa gia ya kwanza hadi mjini, lori likiguna.

Kwenye gereji ya kampuni walimulika nyuma kwa taa ya chemli. Hapakuwa na mtu. Zilijaa ngata tu, zile za majani za kuwekea mzigo kichwani, zote zimelowa jasho.

Hilari akarudi mbele kuchukua kofia yake. Juu ya kiti cha dereva palikuwa na ngata moja, mpya, kavu. “Leseni umeshapewa, mwanangu,” alisema Mzee Yahaya nyuma yake.