Farasi Anakwenda Wapi

Hidaya alikuwa na tabia moja, na ndiyo iliyomponza: akiangalia filamu, mdomo haufungiki. Kaitoa kwa baba yake, mzee Ibrahim wa Morogoro, mtafsiri wa banda la video, aliyeshika maikrofoni akaisimulia filamu ya Kichina au ya Kihindi kwa Kiswahili mpaka watu wakasahau maharage yanaungua nyumbani. Basi Jumamosi ile, kwenye foleni ya duka la vyakula pale Matonge, mtaa wa Waafrika mjini Brussels, simu mkononi na waya masikioni, binti akaanza bila kujijua.

"Haya, stelingi wetu huyo, Bwana Mdogo, mtoto wa ukoo wa kifalme. Kaka yake kamfukuza. Kapewa kijiji cha mpakani, hakina kisima, hakina ukuta. Watu kumi na saba na mbuzi mmoja kilema. Sasa tuone."

"Na kisha?" sauti ikauliza nyuma yake.

Akageuka. Kijana mrefu, ovaroli ya buluu ya mafundi wa lifti, na chini, we acha tu, viatu vya ngozi nyekundu vilivyopigwa rangi vikang'aa. Kwapani kabana fungu la sombe, kisamvu cha Wakongo. Foleni nzima ilikuwa kimya inasikiliza.

"Samahani," Hidaya akasema, uso umemwiva. "Nilidhani nasema moyoni."

"Hapana, endelea. Bantu ya kijiji banamupokea?"

"Wanamkimbia. Wanadhani kaja kudai kodi."

"Bon, banafanya muzuri. Na miye ningekimbia." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Sikia, dada. Niko na papa ku nyumba. Sukari ilimukula macho. Anakaa mbele ya télé siku yote, haoni, na ile kifaransa ya haraka haielewi. Kama ungemusimulia vile, ungemupatia furaha. Jina yangu Ngoy."

"Mimi Hidaya. Na sijasema ndiyo."

"Haukusema hapana."

Wapo watu wanaopendana kwa macho. Hawa walipendana kwa masikio, na kwa sababu ya mzee.

Jumapili iliyofuata Hidaya alipanda tramu mpaka Berchem, mtandio wa rangi ya haradali kichwani, boksi la mikate ya ufuta mapajani, maana alikuwa muuzaji katika duka la mikate Saint-Josse. Ghorofa ya tano alimkuta Papa Jean-Baptiste kavaa suti na tai kana kwamba anakwenda kusikilizwa yeye, kofia magotini. Miaka thelathini alikuwa fundi wa treni Likasi, kule Kongo. Mwaka wa nne huu alikuwa Brussels kwa ajili ya figo. Mara tatu kwa wiki teksi ilimpeleka kwenye mashine ya kuosha damu. Mkewe, Maman Emmanuella, alizikwa Likasi, na pembeni ya kaburi lake mzee alijiwekea nafasi yake, akaizungushia mawe meupe kwa mikono yake mwenyewe. Habari ya mawe hayo Hidaya aliisikia kabla hajamaliza kikombe cha kwanza cha chai.

Ngoy akawasha filamu ile ya mfululizo. Wajapani wakaongea, maandishi ya Kifaransa yakapita chini, Hidaya akaegemea sikio la mzee na kuanza kazi.

"Bwana Mdogo anataka kujenga ukuta, Papa. Majambazi wako karibu."

"Mwambie aache ukuta," mzee akasema. "Achimbe kisima kwanza. Muntu mwenye kiu hawezi kubeba jiwe."

Wiki ya pili Bwana Mdogo akachimba kisima. Papa Jean-Baptiste akapiga goti kwa kiganja. "Alinisikia," akasema, na jioni hiyo akala sahani mbili. Tangu hapo mambo ya kile kijiji yakawa yake. Alitoa shauri la soko, la daraja, la namna ya kumwoza binti wa mhunzi. Kila alipoingiwa na hofu aliuliza, "Stelingi atakufa?" na Hidaya akajibu kama walivyojibu watoto wote wa banda la baba yake: "Stelingi hafi, Papa."

Na huku kwa vijana simu hazikatiki.

"Unafanya nini, mupenzi?"

"Nauza mikate. Wewe?"

"Niko kati ya étage ya saba na ya munane. Lifti imekwama. Nakuwaza."

"Waza bisibisi, Ngoy, watu wanataka kushuka."

"Bashuke na ngazi. Jumapili utavaa ule mtandio ya njano?"

"Si njano, ni haradali."

"Alors, vaa haradali. Hapa Brussels jua haliko, nimebaki na weye tu."

Hidaya alikata simu akawapimia wateja mikate. Alimpenda mpaka akajionea huruma.

Tatizo lilianza mwishoni mwa Julai. Bwana Mdogo alikuwa amepata barua kutoka mji mkuu, na mzee akaigeuzageuza kofia magotini.

"Miye na huyu tuko sawasawa," akasema. "Balitutosha kwetu, balituondoa, tukaanza upya ku fasi ya bantu bengine. Siku bakimuita, ataenda. Na siku ataenda, na miye naenda. Ngoy, utanikatia tiketi."

Hakuna aliyecheka. Likasi mashine hiyo haipo, na daktari alishasema wazi: bila mashine, wiki mbili.

Jumatatu Ngoy akapiga simu dukani. "Niliangalia peke yangu mpaka mwisho. Kaka yake anakufa, banakuya kumuchukua. Anarudia kwao, Hidaya."

"Basi ndivyo ilivyo."

"Hapana. Utasema anabaki."

Hidaya akaegemea kabati la mikate. "Baba alinifundisha, mtafsiri anaongeza chumvi, haongezi nyama. Hiyo ni nyama, Ngoy."

"Papa yako iko muzima ku Morogoro. Miye niko na mumoja, na damu yake inaoshwa na mashine. Nakuomba."

Angesema nini? Alimpenda Ngoy. Alimpenda na mzee vilevile. Aliitaka Jumapili ijayo pamoja naye, na ile ya baadaye. Akakubali.

Siku ya mwisho wa filamu Papa Jean-Baptiste alivaa suti yake nyeusi. Kwenye filamu watu walilia, magurudumu yakanguruma juu ya mawe, farasi akaanza kutembea. Hidaya alikaza sauti.

"Mjumbe wa mfalme kamsihi, Papa, kakataa. Anasema kwangu ni hapa. Anabaki. Kijiji kizima kinalia kwa furaha."

Mzee aliinamisha kichwa kando. Kwato zikaenda, zikaenda, zikafifia mpaka ukabaki upepo.

"Kama anabaki," akauliza taratibu, "farasi inaenda wapi?"

Hidaya akamtazama Ngoy.

"Ni ya mujumbe, Papa," Ngoy akadakia. "Mujumbe anarudia."

"Aah. Ya mujumbe." Mzee akapapasa kofia yake, akairudisha magotini. "Asante, mutoto yangu. Umesimulia muzuri."

Hidaya alishika ukuta wa ngazi akishuka, Ngoy nyuma yake.

"Nitamwambia kweli Jumapili," akasema. "Siwezi kumdanganya mtu asiyeona."

"Ukimwambia, utakuwa umemuua. Na ukimuua, usirudie hapa."

Neno likitoka limetoka. Hidaya alilia kwenye tramu kuanzia Berchem hadi Saint-Josse, na Jumapili hakwenda, maana alielewa kafukuzwa. Ngoy akaelewa kadharauliwa. Kila mmoja akakaa na simu yake anaitazama. Mzee aliuliza mara moja tu, "Hidaya iko wapi?" akaambiwa yuko kazini, hakuuliza tena. Agosti ikapita, na Septemba, na Oktoba.

Katikati ya Novemba, Jumanne saa sita mchana, duka limejaa watu, simu ikaita.

"Hidaya."

"Naam, Ngoy."

"Papa amekufa. Ku mashine, usingizini."

Alivua aproni, akamwachia mwenzake wateja.

Kilio kiliwekwa kwenye ukumbi wa parokia ya Berchem. Hidaya aliingia na mtandio mweusi, akakaa nyuma na wanawake. Ngoy alimwona, akapokea pole yake kwa mikono miwili. Ndipo mama mmoja mnene, mkono umefungwa bandeji pale panapoingia sindano, akasogeza kiti. Aliitwa Maman Marie-Jeanne, na mashine yake ilikuwa jirani na ya mzee.

"Ni weye mwenye kusimulia Bwana Mdogo?" akauliza. "Alitusimulia yote, mardi, jeudi na samedi, zile siku tatu za mashine. Bantu sita na mashine sita, hakuna alilala. Alisema, niko na mutoto mumoja mwanamuke wa Tanzania, sauti yake inapita radio."

"Na mwisho wake, Maman? Aliwaambia anabaki?"

"Hapana. Alisema Bwana Mdogo alienda kwao, akasema, nilisikia farasi na masikio yangu. Tukamuliza, alors na weye, papa, unaenda? Akasema batoto yangu babili bananiambia alibaki, na sauti zao zinatetemeka. Donc nabaki. Farasi iende." Maman Marie-Jeanne akafuta macho kwa kitenge. "Akacheka. Alisema, ule mutoto anajua kusimulia, lakini kudanganya, hapana, hajue kabisa."

Ngoy alikuwa nyuma yao na sinia la vikombe vya chai. Alilitua chini taratibu, akakaa palepale sakafuni na viatu vyake vyekundu, akalia mbele ya watu wote. Hidaya akakaa naye.

"Alijua," Ngoy akasema. "Miezi mitatu alijua. Ningemukatia tiketi, angefika mwenyewe, angesikia bantu banamuita jina. Sasa namupeleka ndani ya sanduku."

"Mdomo ulionena ni wangu, Ngoy. Tumekosa wote wawili."

"Nilikufukuza."

"Ulinifukuza. Nami nikaondoka haraka mno."

Ngoy akamshika mkono mbele ya akina mama, aibu kaiweka kando. "Nikirudia kutoka Likasi, nitaenda Morogoro kuona papa yako. Kama ungali unanitaka."

"Atakusimulia filamu nzima kabla hajakujibu."

"Nitasikiliza mpaka mwisho."

Ijumaa, kabla jeneza halijafungwa kwa safari, Ngoy aliwaomba watu wa mazishi dakika kumi. Papa Jean-Baptiste alikuwa kavaa suti yake, kofia kifuani. Hidaya alikuja na mtandio wa haradali.

"Mwambie sasa," Ngoy akasema. "Ile ya kweli."

Hidaya akainama kwenye sikio la mzee kama Jumapili zote zile.

"Haya, Papa. Asubuhi, nje ya lango la kijiji. Kisima kina maji, ukuta umesimama. Wamekuja kumchukua Bwana Mdogo. Watu wanalia, hakuna hata mmoja mwenye furaha, nilikudanganya. Analishika jiwe la kisima, analiachia. Sasa anapanda. Farasi ni wake, Papa. Anakwenda nyumbani."