Kichujio cha Safaa

Kila Jumamosi, Safaa akishafua sare na kuianika, hukimbilia klabu ya kompyuta katika ukumbi wa Landless, mjini Thika. Leo alikimbia zaidi. Watoto wa Kimbo, Ruiru, walikuwa wanakuja kushindana na klabu yao kwa maswali ya mtandaoni, na jana, baada ya shule, yeye alikuwa amepita ukumbini na kuandika kichujio chake cha kwanza!

Kompyuta zote za ukumbi hupitia kompyuta moja iitwayo proksi. Kila ombi la kufungua ukurasa hubeba vichwa, mistari mifupi kama maandishi ya juu ya bahasha. Kichujio cha Safaa, programu ndogo aliyoiweka kwenye proksi hiyo, kilisoma vichwa hivyo na kufuta kuki, ile alama ambayo tovuti hukupa ili ikukumbuke. Alitaka matangazo yaache kuwafuata. Alikijaribu kwa ukurasa wa hali ya hewa, ukafunguka, akaruka kwa furaha.

Mashindano yakaanza. Kila mtu aliandika nenosiri, akaona swali la kwanza. Alipobonyeza la pili, tovuti ikamwambia, "Ingia upya."

"Thika, hii ni intaneti ya mkokoteni?" Kamene wa Kimbo akauliza. Wenzake wakaangua kicheko.

"Ni Mutisya! Amekanyaga waya!" mwanaklabu mmoja wa Thika akapaza sauti, akimnyooshea mwenzake kidole.

"Aki si mimi!" Mutisya alikaribia kulia. Mwalimu wao, Madam Maxine, alikuwa tayari chini ya meza akikagua nyaya.

Safaa akaelewa. Kuki! Tovuti ilikuwa inawasahau kila walipobonyeza. Hakuna aliyejua kwamba chanzo ni kichujio chake. Akamtazama Mutisya.

"Madam, acha nyaya. Ni mimi. Kichujio changu kinafuta kuki za tovuti zote, hata hii."

"Hukukijaribu?"

"Kwa ukurasa usiotaka nenosiri tu."

"Basi keti urekebishe."

Safaa akaketi, akaongeza sharti: kuki ifutwe tu ombi likienda kwa tovuti za matangazo. Kamene akabonyeza. Swali la pili! La tatu! Ukumbi ukalipuka kwa vifijo.

"Wee! Umeandika hii mwenyewe? Nifunze!" Kamene akasema.

Safaa akamwomba Mutisya msamaha.

"Sawa, lakini leo unanibebea mkoba," akajibu akicheka.

Madam Maxine akapangusa vumbi magotini. "Hata mimi hukosea. Lakini Safaa angenyamaza, ningekuwa bado chini ya meza, na Mutisya angeenda nyumbani na lawama isiyo yake. Ukijua kosa ni lako, sema mapema. Na kazi yako ijaribu vizuri kabla ya kuwapa watu. Haya, swali la nne!"