Mluzi wa Pengo

Mlinzi wa bustani ya msitu hakuwasalimia Pengo na mkewe. Aliwafungulia geti lenye kutu, akaweka kidole mdomoni, kisha akamsogelea mke na kunong'ona.

"Humo ndani msiitane kwa majina, dada yangu. Angalieni mnachotaka, mtoke mapema."

Mke wa Pengo nusura acheke. Yeye na mumewe, waliokuja kutafuta magogo ya kupasua mbao, walikuwa na karakana ya useremala, na mashine yao ya kuranda ilinguruma kiasi kwamba ungemwita mtu mpaka koo likauke asikusikie. Basi waliitana kwa mluzi: mmoja mrefu, miwili mifupi, na aliyesikia lazima ajibu, hata kama amenuna. Wa mumewe ulijulikana mtaa mzima. Jino lake la mbele lilikuwa limevunjika, pumzi ikavujia hapo, na mluzi ukaishia na fss kama sufuria inayochemka. Jina la Pengo lilitokea huko huko.

"Mluzi si jina," Pengo alisema, akamkonyeza mkewe. Wakaingia.

Bustani ilikuwa imetelekezwa hasa. Mizizi ilipasua njia za saruji, mabenchi yaliota uyoga. Pengo, mtu asiyejua kupumzika, aligonga kila shina na kulisifia kama anayetafuta mchumba. Walipofika kwenye daraja bovu akaona gogo limelala chini bondeni.

"Nalitazama mara moja tu, bibie. Nakuja."

Hakuja. Ndege walikuwa wamenyamaza, mkewe hata hakujua tangu saa ngapi, na harufu ya majani yaliyooza ilikuwa imegeuka kuwa harufu ya udi, kana kwamba mle chini kuna nyumba na wenyewe wamefukiza wakingoja wageni. Akapiga mluzi.

Majibu yalikuja mawili. La kwanza lilitoka mbali bondeni, limechoka, na mwisho wake fss. La pili lilitoka hapo hapo nyuma ya mti, safi, halina kasoro. Na yeye, ambaye angeutambua mluzi wa mumewe katikati ya ngurumo ya mashine, alijua, alijua kabisa, lakini kivuli cha miti kilikuwa kimeshamfunika, bonde lilikuwa refu na lile la karibu lilikuwa karibu, akaenda kwa la karibu, akaushika mkono uliojitokeza, wakatoka mbio bila kugeuka nyuma.

Mlinzi alimtazama mwanamume yule, akainamisha kichwa, akafunga kufuli.

Nyumbani mwanamume alikula, akatania, akaulizia kazi za kesho. Nguo zake hazikunuka vanishi wala mbao. Alipocheka, meno yote yalikuwepo.

"Jino lako," mke alinong'ona.

"Limefanya nini?"

Kesho yake alikuwa getini, analia. "Kaka, nifungulie. Mume wangu yumo humo."

"Ulitoka naye, dada."

"Yule siye!"

"Najua," mlinzi alisema kwa sauti ya chini. "Lakini wenyewe wa humo wameshakupa wa kwako. Hata nikikufungulia, utazunguka weee, utajikuta hapa hapa."

Alimfungulia. Mke alizunguka, akajikuta hapo hapo.

Tangu hapo kila alasiri alisimama kwenye uzio akapiga mluzi, na kutoka mbali sana jibu likaja, na fss yake, kila siku likififia zaidi. Hakuwa na tumaini lingine. Maadamu anajibu, yu hai.

Kisha ikafika alasiri aliyopiga mpaka midomo ikamuuma, na msitu haukujibu.

Alirudi karakana akikimbia. Mashine ilikuwa imezimwa. Yule mwanamume alikuwa amekaa juu ya meza ya kazi, patasi mkononi, damu ikimchuruzika kidevuni. Kipande cha jino kilikuwa kwenye maranda.

"Unajichosha bure kwenda kote kule," alisema kwa upole kabisa.

Akakunja midomo. Mmoja mrefu, miwili mifupi, na mwishoni, fss.

Akangoja ajibiwe. Mke aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili, machozi yakipita juu ya vidole, lakini midomo ilikuwa na mazoea yake ya miaka, ikajikunja yenyewe mle ndani ya viganja, ikajibu.