Masale ya Ndeshi na Mwanakondoo Aliyechelewa

Vuteni blanketi, funikeni miguu. Ndeshi huyo anapandisha kilima na mzigo wa majani kichwani.

Ndeshi ana miaka sita. Anakaa na Bibi yake kwenye mteremko wa Kilimanjaro, katikati ya migomba. Shwaa, shwaa, inasema migomba.

Leo ni Krismasi. Lakini ng'ombe hajui Krismasi. Ng'ombe anajua majani tu.

Basi walipotoka kanisani, Bibi na Ndeshi wakashuka kukata majani. Sasa wanarudi. Mzigo wa Bibi ni mkubwa. Mzigo wa Ndeshi ni mdogo, lakini na kichwa chake ni kidogo.

"Nimechoka, nimechoka, hata kope zimechoka," akasema Ndeshi.

"Twende, mama," akasema Bibi. "Jioni tutakaa. Jioni kuna katuni."

Katuni! Ndeshi akanyoosha shingo.

Kila Krismasi, jioni, watu wa kwa Bibi huenda kwa jirani yao, Mama Aikande. Yeye ana televisheni. Wote hubanana kwenye kochi moja, wakiangalia katuni ya mwanakondoo.

Mwanakondoo huyo ni mdogo. Anakwenda Bethlehemu kumwona Mtoto Yesu. Kondoo wakubwa wamemwacha nyuma, na miguu yake ni mifupi. Ko, ko, ko. "Hatua moja, na nyingine," anasema. Ko, ko, ko.

Je, hufika? Ndeshi hajui! Kila mwaka usingizi humchukua kabla ya mwisho.

"Mwaka huu silali," akasema Ndeshi. "Mwaka huu nitaona kama amefika."

Wakafika nyumbani. Bibi akasema, "Ndeshi, mfunge Kidevu."

Kidevu ni mbuzi. Kamba ilikuwepo. Kigingi kilikuwepo. Ndeshi akasema, "Nakaa kidogo tu, halafu namfunga."

Akakaa. Macho yakafumba.

Kidevu hakuwa amechoka hata kidogo.

Kati ya nyumba ya Bibi na nyumba ya Mama Aikande kuna mstari wa masale. Isale ni mmea wenye majani marefu, ya kijani, yenye ncha. Ndio mpaka. Huku kwa Bibi, kule kwa Mama Aikande.

Kidevu akapenya. Kule akaona kitu kwenye kamba ya nguo. Kilikuwa kitenge kipya cha njano, chenye ndege wengi. Mama Aikande alikifua na kukianika, akivae jioni wageni wakija.

Kwachu, kwachu, kwachu.

"Uwiii!" Mama Aikande akapiga kelele. "Kitenge changu! Kanitumia mwanangu Aikande! Mbuzi wenu amekula ndege wote! Kaniachia mkia mmoja!"

Ndeshi akaruka. Akamwona Kidevu anarudi. Uzi wa njano unaning'inia kwenye ndevu.

"Mwaka huu kila mtu akae kwake!" akasema Mama Aikande. Paa! Mlango ukafungwa.

Migomba ikanyamaza. Ndeshi akashika kamba, akamfunga Kidevu mafundo mawili. Machozi yakamtoka, tii, tii. Hakuna katuni. Na Mama Aikande amekasirika.

Akaenda kwa Mama yake. Mama alikuwa amefika asubuhi na basi kutoka mbali. Alikuwa amelala na viatu.

"Mama, nipeleke nikaombe msamaha."

"Subiri kidogo, mwanangu," akasema Mama, macho yamefumba. "Nimechoka, nimechoka, hata kope zimechoka."

Akaenda kwa Bibi. Bibi alikuwa anamenya ndizi za supu ya mtori, kichwa kinaanguka mbele, kinarudi.

"Bibi, mtu akikosa aende akaseme nini?"

"Kwetu hasemi mengi," akasema Bibi. "Anachuma jani la isale. Anampelekea aliyemkosea, kwa mikono miwili. Ukiletewa isale, huwezi kukataa kusamehe."

"Hata ukiwa umekasirika?"

"Hata ukiwa umevimba kama chura."

"Twende basi, Bibi."

"Miguu imegoma, mama. Nimechoka, nimechoka, hata kope..." Bibi akalala, ndizi iko mkononi.

Basi, Ndeshi akabaki peke yake. Na yeye miguu ilimuuma. Na mlango wa Mama Aikande ulikuwa mbali, mbali kuliko siku zote.

"Hatua moja, na nyingine," akasema Ndeshi. Ko, ko, ko.

Akafika kwenye masale. Akachuma jani moja, akaliangalia.

"Jani moja ni la kosa dogo," akasema. "Kosa langu mimi ni kubwa."

Akashika shina kwa mikono miwili. Akavuta. Akavuta tena. Fwap! Isale likang'oka, na mizizi yake.

Hata hivyo halikutosha. Akavuta lingine. Fwap! Na lingine. Fwap! Akayakumbatia yote. Macho hayaonekani, kichwa hakionekani.

Ko, ko, ko.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi Ndeshi. Yule wa mbuzi."

Mlango ukafunguka kidogo. Mama Aikande akaona kichaka kimesimama barazani.

"Shikamoo," kikasema kichaka.

"Marahaba... We! We mtoto! Umeng'oa mpaka wangu?"

"Nimeleta isale."

"Isale huletwa jani moja!"

"Jani moja ni la leso," akasema Ndeshi. "Kidevu amekula kitenge. Naomba unisamehe, Mama Aikande. Bibi aliniambia nimfunge, mimi nikakaa. Nilikuwa nimechoka."

Mama Aikande akaangalia masale. Akaangalia mizizi. Udongo ulikuwa unadondoka kwenye sakafu yake aliyoisugua kwa ajili ya Krismasi. Pu, pu, pu.

Mdomo ukamtetemeka. Ndeshi akafumba macho.

Khi!

Khi khi!

Kha kha kha kha! Mama Aikande akacheka mpaka akakaa kwenye kizingiti. Akacheka mpaka akafuta machozi. Halafu akaendelea kufuta machozi, na kicheko kimekwisha.

"Aikande wangu hakuja mwaka huu," akasema. "Katuma kitenge. Nimesugua peke yangu, nimepika peke yangu. Hata hasira yenyewe imenichosha, mjukuu wangu. Nimechoka, nimechoka..."

"...hata kope zimechoka," akamalizia Ndeshi.

Mama Aikande akayapokea masale. Akayapokea yote, kwa mikono miwili.

"Haya. Isale likishaingia, mlango haufungwi. Kawaite wenzako."

Wakaja. Hawakuzunguka njia ya nje. Walipita pale pale kwenye pengo la masale. Mama akapita na sufuria ya mtori. Bibi akapita na mwiko.

"Nani kang'oa mpaka?" akauliza Bibi.

"Msamaha ulikuwa mkubwa," akasema Mama Aikande. "Kesho tutayapanda tena. Isale halina deko, ukilichomeka linashika. Ila tuache kanjia, ka mtoto mmoja."

"Na mbuzi?" akauliza Bibi.

"Mbuzi azunguke!"

Kichwani Mama Aikande alikuwa amefunga kilemba cha njano. Ndicho kipande alichobakiza Kidevu. Mkia mmoja wa ndege ulikuwa umesimama juu ya sikio.

Wakala mtori. Wakabanana kwenye kochi. Televisheni ikawaka.

Mwanakondoo akatokea, miguu mifupi, njia ndefu. Ko, ko, ko.

Mama akalala, safari hii bila viatu.

Ko, ko, ko.

Bibi akalala, mwiko uko mapajani.

Ndeshi akapanda mapajani kwa Mama Aikande. Akafungua macho kwa vidole. "Silali," akasema. "Mwaka huu silali."

Mwanakondoo alikuwa amebaki mlimani peke yake. Kondoo wakubwa hawaonekani tena. "Hatua moja," akasema mwanakondoo, "na nyingine..."

Vidole vya Ndeshi vikateleza. Kope zikashuka.

Muda ukapita kidogo. Muziki ukawa laini.

"Mama Aikande," akasema Ndeshi, macho yamefumba. "Amefika?"

"Amefika."

"Mlango ulikuwa wazi?"

"Wazi kabisa."

"Hata kama alichelewa?"

"Hata kama alichelewa. Walikuwa wanamngoja yeye."

Ndeshi akatabasamu. Akavuta pumzi ndefu, akaishusha.

Mama Aikande akawafunika wote kwa shuka moja. Televisheni akaizima. Mlango akauegesha tu, hakuufunga.

Nje, shwaa, shwaa, ikasema migomba.

Na kope zote zikapumzika.